Kioo cha nyuma cha C10 yangu, mpira wake, na bati lililo chini yake

Pikapu yangu ni Chevrolet C10 ya mwaka 1971, na kwa muda mrefu kila mvua iliponyesha nyuma ya kiti palikuwa panalowa. Maji hayakuwa mengi. Ulikuwa unyevu tu, ule ambao ukipitisha mkono chini ya kiti unautoa una ubaridi na harufu ya chuma. Wengi wenye magari ya zamani tunauzoea unyevu wa namna hii. Tunafungua milango, tunaanika, tunaendelea na safari. Naandika kuwaomba msiuzoee.

Sababu ni tangi la mafuta. Kwenye pikapu hizi za 1967 hadi 1972 tangi limo ndani ya kabini, limesimama nyuma ya kiti, chini kidogo tu ya kioo cha nyuma. Chevrolet walilihamishia nje, ubavuni mwa chesisi, walipoleta umbo jipya la 1973. Kwa hiyo tone linalopenya kwenye kona ya chini ya kioo haliishii kwenye zulia. Linateremka na ukuta wa nyuma wa kabini, linatua kati ya tangi na sakafu, mahali pasipofika jua wala upepo, na hapo linakula vitu viwili kwa pamoja: bati la sakafu na kitako cha tangi lenyewe. Tangi la petroli linalooza ndani ya chumba unachokaa wewe na watu wako si jambo la kuliahirisha.

Aliyeimiliki kabla yangu aliuona uvujaji akaupaka silikoni, mstari mnene kuzunguka mpira wote. Namwelewa, maana chupa ya silikoni iko karibu na kioo kizima kinatisha kukitoa. Lakini silikoni ile ya kawaida, yenye harufu kali ya siki wakati inakauka, inatoa asidi ya asetiki, na asidi hiyo ikikuta bati lililo wazi inalisaidia kupata kutu. Isitoshe inaziba njia ya maji kutoka huku ile ya kuingilia ikiwa bado wazi, kwa sababu maji hupata tundu ambalo wewe hukuliona. Na siku unapotaka kupaka rangi, mabaki yake yanaikataa rangi, inajikunja na kuacha vidoti vyenye mashimo. Nilitumia muda mrefu kuikwangua silikoni ile kuliko muda wa kuweka kioo chenyewe.

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kuwa na hakika kwamba mkosaji ni kioo. Kwenye C10 maji yana milango mingine: mfereji wa juu ya mlango ukiwa umeachia, mpira wa mlango, na ule mpira mdogo unaozunguka shingo ya tangi pale inapotokea ubavuni mwa kabini, upande wa dereva. Nilitoa kiti, nikamwomba mdogo wangu aingie ndani na tochi na karatasi laini kavu, nami nikamwaga maji kwa mpira wa bustani bila kuubana mdomo, nikianzia chini na kupanda polepole. Ukianzia juu hutajua kitu, maji yatatapakaa kote na kila mahali pataonekana panavuja. Tulipofika kwenye mstari wa chini wa kioo akaniita, “Kaka, simama hapo hapo.” Kona zote mbili za chini zilikuwa zinatoka machozi. Shingo ya tangi nayo ilikuwa inavuja kidogo, na hilo niliandika pembeni.

Mpira wenyewe ulikuwa umekufa. Mpira wa zamani unaharibiwa na jua na ozoni iliyo hewani: unakuwa mgumu, unapasuka nyufa ndogo ndogo hasa pale ulipovutwa, na unasinyaa. Ukisinyaa, kona ndizo zinazotangulia kuachia, na kona za chini ndizo maji yanakokusanyika. Mipira mingi mipya inatengenezwa kwa EPDM, aina ya mpira inayostahimili jua na ozoni vizuri zaidi, ila ina adui yake: mafuta ya petroli na grisi. Vinaufanya uvimbe na kulegea. Hili nitalirudia, kwa sababu mtu akishikwa na kazi ngumu mkono wake unakwenda kwenye kopo la grisi bila kufikiri.

Kuagiza mpira kuna mitego. Pikapu hizi zilikuja na madirisha ya nyuma ya ukubwa wa aina mbili, dogo na kubwa, na mpira wa moja hauingii kwenye jingine. Kisha kuna mpira wenye mfereji wa kuwekea ufito wa kromu na mpira usio na mfereji huo. Kabini yangu ina kioo kikubwa na kromu, na kromu yenyewe ni ya asili, imenyooka, haina kidonda. Nisingekubali kuipoteza kwa sababu ya kuagiza mpira usio wake. Pima kioo, tazama mfereji, ndipo uagize. Mpira ukifika uutandaze sakafuni mahali penye joto ulale hadi ujinyooshe. Uliokunjwa ndani ya boksi unakumbuka mikunjo yake na utakusumbua kila kona.

Kioo nacho nilikibadilisha. Kilikuwa na mikwaruzo ya miaka mingi ya mizigo iliyopakiwa ovyo, na usiku taa za gari la nyuma zilikuwa zinasambaa juu yake hadi sioni nini kinakuja. Mihuri midogo iliyo kwenye kona ya kioo husaidia sana hapa. Kwa magari ya Marekani, AS1 ni kioo kinachoruhusiwa kuwekwa mbele, na AS2 kinaruhusiwa kwingineko isipokuwa mbele. Vyote viwili vinatakiwa vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Kioo changu cha nyuma ni AS2, kimeimarishwa kwa moto: kinapashwa hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kisha kinapulizwa hewa ya ghafla, uso wake unajibana na ndani panabaki pakivutana. Ndiyo maana ni kigumu usoni, na ndiyo maana kikipasuka hakitoi vipande virefu vyenye makali, kinageuka punje kote kwa mara moja. Pia ndiyo maana hakikatwi. Ukikipata kikubwa kidogo kuliko nafasi yako, basi si chako. Wenye malori ya zamani zaidi, yenye vioo bapa vya tabaka mbili zilizogandishwa na utando katikati, wana nafuu moja: fundi wa vioo anaweza kukata kipya kwa kufuata umbo la cha zamani. Kioo hicho cha tabaka kilitokana na Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyeona mwaka 1903 chupa ya maabara ikianguka na kupasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani ilikuwa na utando uliokauka. Hataza akaipata 1909.

Sehemu dhaifu ya kioo kilichoimarishwa kwa moto ni ukingo wake. Unaweza kukibonyeza katikati kwa viganja vyote viwili kisifanye kitu, lakini ukikigongesha pembe kidogo tu kwenye saruji kinakwisha. Changu kipya kilikaa muda wote wa kusubiri juu ya blanketi, kimesimama kwenye vipande viwili vya mbao, kimeegemezwa ukutani. Sikukilaza, na sikumruhusu mtu akiguse bila glavu.

Sasa kukitoa cha zamani. Jambo la kwanza, kabla ya kisu, kabla ya bisibisi, ni tangi kutoka. Tulifanyia nje, penye hewa, waya hasi wa betri ukiwa umeng'olewa, petroli ikiwa imehamishiwa kwenye madumu yaliyofungwa, na tangi likapelekwa mbali kabisa na gari. Najua wapo wanaobadilisha kioo tangi likiwa ndani, na kama kweli hakuna kutu hata kidogo utaweza. Ila huwezi kujua hali ya bati hadi kioo kitoke, na ukikuta kutu utataka brashi ya waya ya mashine au grainda, na vyote hivyo vinatoa cheche. Cheche na mvuke wa petroli ndani ya kabini sitaki hata kuviandika katika sentensi moja na jina la mdogo wangu.

Kwa kuwa mpira wa zamani hautumiki tena, hakuna haja ya kuuhurumia. Tulitoa kwanza ufito wa kromu, polepole, tukiuinua kwa kijiti cha mbao na wala si bisibisi, maana bati hilo jembamba likipinda halirudi. Kisha nikaukata mdomo wa nje wa mpira kwa kisu chenye wembe mpya, kuzunguka kioo chote, hadi ukingo wa kioo ukaonekana. Mdogo wangu akakisukuma kwa ndani kuanzia juu, nami nikawa nimekishika kwa nje. Kilitoka kwa utulivu. Miwani ya kukinga macho tulikuwa nayo wote wawili.

Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Ukiutazama ukingo wa tundu la dirisha utaona ni mabati mawili yaliyobanwa na kuchomelewa pamoja, la nje na la ndani, yakitoa ulimi mwembamba unaozunguka pande zote. Mpira una mfereji mmoja unaokumbatia kioo na mwingine unaokumbatia ulimi huo. Watu wanasema mpira ndio unaozuia maji. Kwa nilivyouona wangu, mpira unazuia maji pale tu ulimi ulipo mzima, laini, wenye unene wake ule ule. Weka mpira mpya wa bei yoyote juu ya bati lenye mashimo na magamba ya kutu, maji yatapita chini yake.

Juu na pembeni bati langu lilikuwa zuri, hata rangi ya kiwandani ilikuwa bado inang'aa. Chini, katikati, kutu ilikuwa ya juu juu. Kwenye kona ya kulia ya chini niliingiza ncha ya bisibisi bila kutumia nguvu. Palikuwa pamebaki rangi na silikoni tu zilizoshikana, bati halipo.

Kutu ya juu juu nilianza nayo kwa brashi ya waya, kisha msasa, kisha dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ambayo inaigeuza ile kutu iliyojificha kwenye vinyweleo vya bati kuwa fosfeti nyeusi isiyoendelea kula. Isome chupa: nyingine zinataka kusuuzwa kwa maji, nyingine hazitaki. Halafu kukausha kabisa, kufuta kwa kitambaa chenye tinna, na praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza inayoshika bati. Hapa sina mchezo. Praima nyingi za kawaida zinapitisha unyevu zikiachwa peke yake, na chini ya mpira hakuna kinachokauka haraka.

Ile kona iliyooza ilihitaji kuchomelewa. Kuna njia ya mkato ambayo fundi mwenye haraka anaipenda: kukata kipande cha bati, kukilaza juu ya tundu na kukichomelea kingo zake. Kwenye sakafu utaisamehe. Kwenye ulimi wa dirisha usikubali, kwa sababu mabati mawili yamekuwa matatu, na mfereji wa mpira umetengenezwa kwa unene wa mawili. Mpira utapandishwa pale, utaacha nafasi pembeni ya kiraka, na maji yatapaona. Kiraka kinatakiwa kikatwe sawa na tundu, kikae uso kwa uso na bati la zamani, kichomelewe kwa vidoti vidoti huku ukingoja kipoe ili kisipinde, kisha kisagwe hadi ukipitisha kidole usijue kinaanzia wapi. Puti nayo isitumike kama kiraka. Inanyonya maji kwa nyuma na inabanduka na kipande kizima.

Fundi aliyenichomelea ni mzee mwenye mkono mtulivu sana. Alikata kipande kidogo kutoka kwenye mpira wa zamani, akakitumia kupima unene wa ulimi kila alipomaliza sehemu: anakisukuma, anakitelezesha kutoka bati zuri hadi kwenye kiraka na kurudi. Kilipokwama alisaga tena. “Shikamoo ya dirisha ni hii,” aliniambia, “ukiipita vizuri, mengine yanakuja yenyewe.” Sijaona kipimo bora kuliko hicho, na hakihitaji kifaa chochote cha kununua.

Rangi juu ya praima niliipaka nyepesi, kwa sababu ile ile ya unene, na nikaiacha ikomae. Si ikauke kwa kugusa, ikomae. Rangi changa ikibanwa na mpira inashikamana nao, na siku mpira ukisogea inatoka nao.

Siku ya kuweka kioo tulichagua penye jua, kwa kuwa mpira wa moto unatii. Kwanza mpira unavishwa kioo, nje ya gari, juu ya meza yenye blanketi. Usiuvute ufike, mpira ukivutwa utarudi baadaye na kona zitaachia. Nilianza na kona nne, nikauingiza vizuri pale, ndipo nikasukuma sehemu zilizonyooka, kidogo kidogo, ule uliozidi ukijibana wenyewe ndani. Maungio ya mpira niliyaweka juu katikati. Wapo wanaoyaweka chini, lakini maji yanasimama chini, na sioni sababu ya kuweka mshono mahali maji yanaposimama. Kisha ufito wa kromu ukaingia kwenye mfereji wake, bado tukiwa mezani. Ukishaweka kioo garini ndipo ukumbuke kromu, utatesa vidole na pengine kuupinda.

Baada ya hapo kamba. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unachukua kamba laini ya nailoni, unene wa milimita 5 hivi, unailaza ndani ya ule mfereji utakaokumbatia bati, kuzunguka kioo chote, ncha zake zikipishana chini katikati kwa urefu wa mkono. Kamba nyembamba kama uzi wa mvuvi inaweza kuukata mdomo wa mpira, na nene sana haikai mferejini. Mpira na ulimi wa bati nilivipaka maji ya sabuni, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ndani ya maji mengi. Grisi hapana, nimeshasema.

Mimi nilikaa nje na kioo, mdogo wangu ndani. Nilikiegemeza, tukahakikisha kiko katikati kwa kutazama nafasi ya kushoto na ya kulia, nikakisukuma kwa viganja kuelekea chini ili mdomo wa chini ukae vizuri juu ya bati. Yeye akaanza kuvuta ncha moja. Kamba inavutwa kuelekea katikati ya kioo, sambamba nacho, si kuelekea kwake. Inapotoka inaubeba mdomo wa mpira na kuuvusha upande wa ndani wa bati. Mimi napiga kwa kiganja upande wa nje, pale pale anapovuta yeye. Kazi hii inataka watu wawili wanaosikilizana.

Kwenye kona ya chini, ile iliyochomelewa, akasema, “Kaka, hapa mpira umekataa.”

“Usivute. Lete kamba nyuma kidogo, paka sabuni, mimi nabana.”

Nikabana kwa mikono yote miwili, akavuta taratibu, mdomo ukavuka na sauti ya kunyonya. Chini ikaisha, tukapanda kushoto, tukapanda kulia, juu tukamalizia. Sehemu chache ambazo mdomo ulijikunja alizinyoosha kwa kijiti cha mbao kilicholainishwa ncha.

Gundi ya kuziba sikuiweka siku ile. Maji ya sabuni yaliyobaki ndani yanahitaji kukauka, na ukiyafungia humo umeanza kutengeneza kutu mpya. Yalipokauka niliinua mdomo wa nje wa mpira kwa kijiti, kona mbili za chini na mstari wa chini wote, nikaingiza gundi ya butili, ile isiyokauka ikawa ngumu. Inabaki laini, gari linapojipinda barabarani inajipinda nalo, na siku ya kukitoa kioo tena haitapigana nawe. Juu na pembeni niliacha bila gundi. Mpira mzuri juu ya bati zuri unatosha, na nilitaka kuuona ukifanya kazi yake.

Tulirudia jaribio la maji kama mwanzo, kutoka chini kwenda juu, mdogo wangu akiwa ndani na tochi na karatasi. Tulikaa sana kwenye kona ya kulia. Karatasi ilitoka kavu. Mashine ya kuoshea yenye shinikizo sikuitumia na siitumii karibu na mpira huu, inaupenya mdomo kwa nguvu ambayo mvua haina, kisha unaanza kutafuta tatizo lisilokuwepo.

Wakati tangi liko nje nililigeuza, nikakuta kitako chake kina kutu ya juu juu tu, kikasafishwa na kupakwa rangi, na sakafu chini yake vilevile. Kabla ya kulirudisha nilibadilisha mpira wa shingo yake, ule niliouandika pembeni siku ya kwanza. Ni mpira mdogo, unaingia kwa mkono na sabuni. Fanya hivyo tangi likiwa bado nje, maana likishafungwa huufikii tena bila kulitoa upya.